Joto, Moshi na Mlemavu: Ushauri Unaosahau Njia

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Septemba, watu wa Mwanza huanza kutazama mbingu wakingoja mvua za vuli. Majani ya vilimani yamekwisha kukauka, na majabali yaliyouzunguka mji yameiva kwa jua la kiangazi. Kutoka upande wa Misungwi, Kwimba na Magu, moshi wa mashamba na malisho yanayochomwa hutanda chini chini asubuhi kama ukungu. Hapo ndipo tunapousikia tena ule ushauri wa siku zote: kunyweni maji mengi, kaeni kivulini, mkiona moshi ondokeni haraka. Kisayansi ushauri huo ni sahihi kabisa. Hata hivyo, kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza ulitungwa kwa ajili ya nani.

Nina sababu ya kuuliza. Natembea kwa magongo tangu utotoni, baada ya kuugua polio. Nilipokuwa mwanafunzi wa bweni katika shule moja ya sekondari huku Kanda ya Ziwa, pipa la maji ya kunywa liliwekwa mlangoni pa darasa, hatua chache tu kutoka dawati langu. Choo kilikuwa chini ya mteremko, nyuma ya majabali mawili, na kizingiti chake kilinifika gotini. Wenzangu walikwenda na kurudi katika mapumziko ya dakika kumi. Mimi nilihitaji nusu saa, pamoja na mtu wa kunishika mkono. Basi nikabuni dawa yangu mwenyewe: sikunywa maji tangu alfajiri hadi jioni. Kila ilipofika saa saba mchana kichwa kiliniuma na herufi zikacheza ubaoni. Walimu wangu, ambao walikuwa watu wema, walidhani ni uzito wa akili. Hawakuniuliza, nami niliona haya kusema.

Leo, nikiwa mwalimu wa fiziolojia, najua kwamba nilikuwa nikikaukiwa na maji mwilini mbele ya pipa lililojaa. Najua vilevile kwamba hakuna somo juu ya faida za maji ambalo lingenisaidia. Msaada wangu ungekuwa choo kisicho na kizingiti.

Hoja yangu katika makala haya ni hii: joto na moshi humfikia kila mtu, lakini humdhuru zaidi yule aliyesahauliwa wakati wa kupanga majengo, ratiba na taarifa. Kwa hiyo kazi ya kumkinga mlemavu isiachwe mikononi mwa mlemavu peke yake. Ni kazi ya yule anayepanga, na shuleni anayepanga ni mwalimu.

Mwili unavyojipoza

Tuanze na sayansi yenyewe. Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki karibu na nyuzi 37 za Sentigredi. Kila tunapotembea, tunapofikiri na tunapomeng'enya chakula tunazalisha joto, na joto hilo hatuna budi kulitoa. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, sehemu kubwa ya joto huondoka yenyewe. Hewa ikikaribia joto la ngozi, njia kuu inayobaki ni jasho. Gramu moja ya jasho ikigeuka mvuke huondoka na jouli zipatazo 2,400. Lakini jasho hufanya kazi hiyo kwa masharti matatu: mwili uwe na maji ya kutosha, tezi za jasho zipate amri kutoka kwenye ubongo, na hewa iwe na nafasi ya kupokea mvuke.

Tazama sasa jinsi masharti hayo yanavyoweza kuvunjika. Kijana aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, au aliyepata ajali ya pikipiki akaumia uti wa mgongo, huweza kupoteza jasho katika sehemu yote ya mwili iliyo chini ya jeraha, kwa kuwa amri ya ubongo haifiki huko. Akikaa juani, nusu ya mwili wake haijipozi, na pengine hahisi kwamba ngozi ya mapaja inaunguzwa na chuma cha kiti cha magurudumu. Anayetembea kwa magongo hutumia nguvu nyingi zaidi kuliko mwenzake kwa mwendo ule ule, na nguvu hizo huishia kuwa joto mwilini. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wa kawaida katika Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingi za nchi, akipungukiwa na maji huwa katika hatari kubwa zaidi ya chembe zake nyekundu za damu kujikunja, kuziba mishipa midogo na kumletea maumivu makali. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za maradhi mengine hupunguza jasho au kiu. Anayezitumia asiziache kamwe bila ya shauri la daktari, ila wanaomtunza wajue kwamba huenda asiombe maji hata anapoyahitaji.

Wenzetu wenye ualbino wana shida ya namna nyingine. Adui wao mkubwa si joto, bali ni mionzi ya jua isiyoonekana, ambayo huunguza ngozi na hatimaye kuleta saratani. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta, na uso wa ziwa lenyewe uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua hupita utosini mwetu katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kwa hiyo mwenye ualbino, awe Ukerewe, Sengerema au mjini, hulazimika kuvaa mikono mirefu na kofia pana katika miezi ambayo wengine wanavua mashati. Nguo inayomwokoa na saratani ndiyo inayomwongezea joto. Kumwambia achague moja kati ya hayo mawili si ushauri. Tunapaswa kumpatia kivuli.

Kipimajoto kinapima nini?

Msomaji anaweza kusema kwamba Mwanza si mahali pa joto kali. Takwimu za kawaida zinamwunga mkono: wastani wa joto la juu la mchana ni nyuzi 28 au 29 hivi. Huo si mji wa Juba, ambako joto liliilazimisha serikali ya Sudan Kusini kufunga shule mwezi wa Machi 2024, na tena Februari 2025.

Lakini kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, juu ya uwanja wenye majani. Hupima joto la hewa, nacho hulipima vizuri. Hakipimi joto la mtu aliyeketi chini ya bati lisilo na dari. Bati lililopigwa na jua la saa saba huweza kupita nyuzi 50, na huwamwagia joto walio chini yake kama jiko linavyomchoma anayelikaribia. Juu ya vilima vya Igogo, Bugarika na Mabatini, ambako nyumba zimejengwa kati ya mawe, majabali hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha usiku polepole. Mwenye miguu huteremka kupunga upepo wa ziwani. Yule ambaye njia ya kwake ni ngazi za mawe hubaki ndani.

Nawaomba walimu wa fizikia na jiografia walifanye jambo hili kuwa zoezi. Chukueni vipimajoto vitatu: kimoja kiwe chini ya mti, cha pili katikati ya darasa, na cha tatu mahali hasa anapoketi mwanafunzi mlemavu, kwa kimo cha kifua chake. Andikeni vipimo saa moja asubuhi, saa nne, saa saba na saa kumi kwa wiki mbili. Kisha fungeni kitambaa chenye maji kwenye tunguu la kipimajoto kingine, mkilinganishe na kile kikavu. Tofauti kati yao ikiwa kubwa, hewa ni kavu na jasho litafanya kazi yake. Ikiwa ndogo, kama inavyotokea karibu na ziwa kabla ya mvua, jasho litadondoka bure bila kuupoza mwili. Mtakapomaliza mtakuwa na jedwali ambalo hakuna kituo chochote cha hali ya hewa kinaloweza kuwapa.

Moshi na njia zake

Zaidi ya nusu ya eneo lote la ardhi linaloungua duniani kila mwaka liko barani Afrika, na sehemu kubwa ni mbuga za nyasi na misitu ya miombo. Kwetu moto hauwashwi kwa wazimu. Mfugaji hutafuta majani mabichi na kuua kupe. Mkulima husafisha shamba. Lakini Wasukuma walijua pia kuzuia moto. Ngitili, yaani malisho yaliyotengwa na kulindwa kwa ajili ya kiangazi, haiwezi kuwepo pasipo sheria ya moto, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulifanikiwa kwa kuifufua desturi hiyo.

Kinachodhuru zaidi katika moshi ni chembe ndogo zisizozidi mikromita 2.5, ambazo unywele mmoja wa kichwani huzizidi unene zaidi ya mara ishirini. Chembe hizo hupita pua na koo na kufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilishauri kwamba wastani wa siku moja usizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kitambaa cha kawaida kilichofungwa puani huzuia vumbi kubwa, lakini chembe hizo nyingi hupenya. Pamoja nazo huja hewa ya kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fikiria basi mwanafunzi mwenye selimundu, ambaye damu yake ina upungufu tangu awali, au yule ambaye misuli ya kifua chake ni dhaifu hata hawezi kukohoa kwa nguvu.

Moshi wetu hautoki porini tu. Upo ule wa kukaushia sangara kwenye mialo, na upo wa jiko la kuni la shule, ambalo aghalabu limejengwa karibu na darasa kuliko choo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliotolewa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hilo ni lengo jema. Lakini mwanafunzi wa leo atakuwa amekwisha kumaliza shule kabla ya mwaka huo, nasi tunaweza kumpunguzia moshi sasa kwa kujua upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku na alfajiri mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Funga utepe kwenye mti karibu na jiko, uutazame kwa saa mbalimbali. Darasa linalopata moshi wa uji wa asubuhi huenda lisiwe lile linalopata moshi wa ugali wa mchana. Ukishajua hivyo, unaweza kuamua mwanafunzi mwenye kifua dhaifu aketi wapi, na kwa saa zipi.

Taarifa nayo ina njia zake. Kijijini, moto ukishinda, watu hupiga mwano. Kiziwi hausikii. Asiyeona husikia na kunusa, lakini hajui moto uko upande gani. Mwenye kiti cha magurudumu anajua yote hayo na hawezi kuondoka. Kwa hiyo kijiji kinachotaka kuchoma malisho kingetoa taarifa siku moja kabla, nyumba kwa nyumba, na kuwataja watu watakaokwenda kuwachukua wale wasioweza kujiondoa wenyewe.

Funzo la ng'ambo

Nilisoma shahada ya uzamivu katika jiji la Vancouver, Kanada. Mwezi wa Agosti 2017, na tena Agosti 2018, moshi wa misitu iliyoungua katika jimbo la British Columbia ulilifunika jiji hilo hata jua la mchana likawa jekundu. Tuliambiwa tufunge madirisha, au twende mahali penye hewa iliyochujwa, kama vile maktaba. Ushauri mzuri, na wenye magari waliufuata.

Baada ya mimi kurejea nyumbani, mwishoni mwa Juni 2021, jimbo hilo lilipatwa na joto lisilowahi kuonekana huko. Katika mji mdogo wa Lytton kipimajoto kilifika nyuzi 49.6. Uchunguzi rasmi ulihesabu vifo 619 vilivyoletwa na joto hilo. Asilimia 98 ya waliokufa walipatwa wakiwa ndani ya nyumba, na zaidi ya nusu walikuwa wakiishi peke yao. Wengi walikuwa wazee na wenye maradhi ya kudumu, na wagonjwa wa skizofrenia walikuwa wengi kuliko fungu lao katika jamii. Nchi yao ni tajiri, yenye umeme na hospitali. Wengi wa marehemu hao walimkosa mtu wa kubisha hodi.

Sisi hujivunia ujirani, na tuna haki ya kujivunia. Lakini tusijidanganye. Nyumba yenye watu kumi usiku huweza kuwa na mtu mmoja tu mchana, wakati wengine wako shambani, sokoni au ziwani. Huyo mmoja mara nyingi ndiye mlemavu, na mtungi wa maji umewekwa mahali asipofika.

Mwezi wa mitihani

Jambo hili lina uzito wa pekee shuleni. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa Septemba, na ule wa kidato cha nne Novemba. Mvua zikichelewa, mitihani yote miwili huangukia katika joto na moshi. Watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, huongezewa muda, na wenye uoni hafifu huchapiwa maandishi makubwa. Hiyo ni haki yao. Lakini tusisahau kwamba muda wa nyongeza ni muda wa kuketi zaidi chini ya bati lile lile, wakati jua linapozidi kupanda na wenzao wamekwisha kutoka. Kama chumba hakina kivuli wala maji, tumewapa kwa mkono mmoja na kuwapokonya kwa mwingine.

Wapo watakaosema kwamba shule ambazo hazina madawati ya kutosha haziwezi kufikiria mambo haya. Nawaelewa, nimefundisha katika shule za namna hiyo. Lakini mengi ninayoyapendekeza hayahitaji fedha, ila mkutano mmoja wa walimu kabla ya muhula:

1. Kila mwanafunzi mlemavu aulizwe faraghani anatumia choo gani, kwa muda gani, na kama hunywa maji mchana. Majibu yatawashangaza walimu wengi.

2. Choo kimoja kilicho karibu kiondolewe kizingiti, kiwekewe mteremko wa udongo ulioshindiliwa na mti wa kushikia. Mafundi ni wanafunzi wenyewe.

3. Darasa la mwanafunzi huyo liwe lile lenye kivuli cha mti au upepo wa ziwani, hata kama kwa desturi ni darasa la kidato kingine.

4. Gwaride, kazi za mikono na michezo ya juani ipangwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

5. Chumba cha muda wa nyongeza kichaguliwe kwa kipimajoto, wala si kwa mazoea.

6. Kila mlemavu awe na mwenzake mmoja anayejua kwamba siku ya moshi au moto kazi yake ni kumfikia.

Hayo si hisani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 11 inaidai serikali iwalinde wenye ulemavu wakati wa hatari, yakiwamo maafa ya asili. Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria hizo zimeandikwa vizuri, lakini haziwezi kuingia darasani na kusogeza dawati. Mwalimu anaweza.

Namalizia kwa kuwageukia wanafunzi. Huenda darasani mwenu yupo mmoja ambaye hugusi kikombe chake mchana kutwa, nanyi mmemzoea hivyo. Msimwambie anywe maji. Nendeni kwanza, mkiwa na kamba ya kupimia na saa, mkaipime njia ya kutoka dawati lake hadi chooni: ni mita ngapi, vizingiti vingapi, dakika ngapi kwa mwendo wake. Pelekeni vipimo hivyo kwa mwalimu mkuu vikiwa vimeandikwa kwa usafi, pamoja na jedwali la joto. Mimi nilimaliza miaka minne ya sekondari bila mtu yeyote kuipima njia yangu.